Hatua Nilizopiga kwa Nyundo

Waliokosa gazeti la Jumapili iliyopita, nisiwazungushe. Mke wangu Ndunge, Mama Mukai, alianguka Jumanne saa nne asubuhi katikati ya Mbotela, mikono yote miwili ikiwa bado imeshika mkokoteni wake wa viazi. Moyo. Wasamaria wakamfikisha hospitali ya misheni, orofa ya pili, kitanda cha dirishani.

Jumatano daktari akaja, akaangalia namba za saa ya mke wangu ya kuhesabu hatua, akasema moyo huu umelegea kwa kukaa kitako. Kesho saa tatu apandishwe ngazi. Akiziweza arudi nyumbani aendelee na mazoezi.

Nilipoishia nilikuwa nimesimama kando ya kitanda hicho nikiwa na neno mdomoni, na neno likakataa kutoka.

Leo linatoka. Mhariri alinipa barua zenu, nikazisoma zote nikila, hata zile za kuniita mnyama, na ugali niliumaliza. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Ndivyo nilivyo siku hizi. Mtu akinitukana nasikia maneno, sisikii tusi.

Neno lenyewe ni hili: nilijua.

Mnakumbuka saa zetu zilitoka wapi. Mimi nina sukari, Mama Mukai ana presha, na kliniki ya hospitali hiyo ilikuwa na mradi wa kutembea. Tukapewa saa mbili nyeusi za mpira. Kila Alhamisi tunampelekea Sista Njoki, muuguzi wa mradi, naye anaziunganisha na tableti yake na kutusomea wiki yetu mbele ya benchi zima la wagonjwa.

Mimi kazi yangu ni akala, viatu vya tairi. Nimekaa juu ya kigoda kimoja sokoni Kariokor miaka ishirini na sita, nakata tairi, napigilia misumari. Nakaa asubuhi, nainuka jioni.

Mama Mukai kazi yake ni kusukuma. Viazi na kabeji, mlango kwa mlango, Kaloleni tunakokaa, kisha anavuka Jogoo Road hadi Mbotela na kurudi. Viatu vyake huliwa upande mmoja, na ni mimi humbadilishia soli.

Sasa sikilizeni Alhamisi ya kwanza.

"Baba Mukai, elfu kumi na nane kwa siku!" Sista alisema. "Mnamwona huyu mzee? Mnamwona?"

Benchi likapiga makofi.

Akachukua saa ya mke wangu. Akaikung'uta kidogo. "Mama Mukai. Mia nne na kumi."

"Mia nne na kumi nini?"

"Hatua. Kwa siku."

"Sista, mimi nasukuma mkokoteni kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Kila mtu hapa huniambia ako na kazi mingi, mama. Lakini hii saa haijui wewe ni nani. Haina sababu ya kukuchukia."

Benchi likacheka. Mimi pia nilicheka. Naomba mliandike hilo mahali, kwamba nilicheka.

Tulipokuwa tukirudi aliniuliza, "Baba Mukai, kwani wewe hutembea saa ngapi?"

"Si natembea tu."

"Wapi?"

"Kariokor ni kubwa."

Hapo nilikuwa bado sijui. Hapo ilikuwa majivuno tu. Kujua kulikuja mwezi uliofuata.

Nilikuwa kwenye kigoda, saa saba mchana, sijainuka hata kwenda chooni. Saa ikatetemeka mkononi na kuwasha vile vimulimuli vyake vya pongezi. Elfu kumi. Jirani yangu Abukar, anayeniuzia tairi kuukuu na ambaye kibanda chake kimeshikana na changu, akainamisha shingo kuangalia.

"Mzee Mutie, hebu piga."

Nikapiga pigo moja. Kimya.

"Piga mfululizo, usiogope."

Nikapiga mapigo ishirini. Saa ikasita kidogo, kisha ikaruka ishirini.

"Wallahi mzee anatembea na nyundo!" Abukar alicheka mpaka akaziegemea tairi zake. "Wewe leo umeshapita Thika! Kesho utusalimie Garissa!"

Saa nilikuwa nimeivaa mkono wa kulia, wa nyundo. Mkono wa kushoto ndio unaoshika msumari, na chochote kinachoning'inia hapo kinaniharibia kazi. Basi kila pigo lilikuwa hatua. Jozi moja ya akala ina misumari sitini, kila msumari mapigo kumi, na kwa siku napigilia jozi thelathini. Pigeni hesabu wenyewe.

Nilimkataza Abukar asimwambie mtu. Akaapa. Hajasema hadi leo.

Wiki mbili baadaye gurudumu la mkokoteni wa Mama Mukai lilikwama, nikamsaidia kusukuma Jumapili moja, kutoka mlangoni petu Kaloleni hadi ng'ambo ya barabara, Mbotela. Jasho likanitoka mahali nilipokuwa nimesahau kuwa papo. Nilipofika nikatupia jicho saa. Safari nzima ilikuwa imenipa hatua kumi na moja.

Mikono ikishika mti wa mkokoteni haibembei. Isipobembea, saa inadhani umelala.

Nililielewa palepale, jambo lote, langu na lake. Mimi ninayekaa nahesabiwa mtembezi, na yeye anayetembea nchi nzima anahesabiwa mvivu. Ilitosha kusema maneno mawili Alhamisi ile.

Alhamisi ile Sista Njoki akatundika picha yangu ukutani. Mtembezi wa Mwezi. Nimevaa koti la harusi.

Miaka ishirini na sita nimekaa chini nikiangalia miguu ya watu. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Sisemi hiyo ni sababu. Nasema tu ndivyo ilivyokuwa.

Na kulikuwa na lingine. Watu wa sukari hukaguliwa nyayo kila mwezi. Sista huwavua viatu, anawagusagusa na kiuzi kigumu cha plastiki, anauliza, unasikia hapa? Na hapa? Mimi akaanza kuniruka. "Miguu yako inajulikana, Baba Mukai," alisema, "mtu wa elfu kumi na nane hana haja na uzi." Nami nikashukuru moyoni, kwa sababu nyayo zangu zilikuwa zimeanza kufa ganzi, na sikutaka kuulizwa mbele ya watu kama nasikia.

Sikuwahi kudanganya kwa mdomo. Alhamisi baada ya Alhamisi Sista aliuliza, "Hatua tumepiga, Baba Mukai?"

"Tumepiga, Sista."

Si nilipiga kweli?

Mama Mukai ndiye aliyebadilika. Kuanzia Januari akawa anaamka saa kumi na moja alfajiri na kwenda kuzunguka uwanja ulio mbele ya ukumbi wa Kaloleni, mizunguko kumi, kabla ya kushika mkokoteni. Nilikuwa namwona nikisimama kwenye kona ya nyumba ya jirani. Alikuwa anarusha mikono juu na chini kwa sababu Sista alimwambia arushe mikono. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye presha, peke yake uwanjani, anarusha mikono.

Siku moja akaingia anahema, ameshika kifua, anatabasamu.

"Baba Mukai! Elfu nne leo!"

"Elfu nne?"

"Elfu nne na kidogo." Akaketi kitandani. "Unajua, nilikuwa nakasirikia Sista bure. Labda ni kweli nilikuwa mvivu. Labda kusukuma si kutembea."

Hapo ndipo ningesema. Mahali pengine pote mnaweza kunitafutia kisingizio, hapo hapana. Alikuwa ameketi mbele yangu, amevua kilemba, shingo inamdundadunda.

Nikamwambia, "Ongeza kidogo."

Akaongeza. Akafikisha mizunguko kumi na tano, kisha mkokoteni juu yake. Jumanne akaanguka.

Simu ya Jumanne aliipokea Abukar, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na gundi. Nilikuwa napigilia jozi yangu mwenyewe, maana fundi viatu siku zote huwa wa mwisho kuvaa. Misumari ilikuwa imeingia yote. Kilichobaki ni kugeuza soli ya kulia na kukunja ncha kwa ndani, kazi ya dakika tano.

"Mzee, ni mkeo," Abukar alisema. Hakucheka.

Nikaingiza miguu kwenye hizo akala, na soksi zangu, nikaondoka.

Sasa tuje Alhamisi yenyewe.

Nilitoka nyumbani na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na uji wa Mama Mukai na nyundo yangu. Soksi ya kulia ilikuwa imekauka na kukakamaa, nikadhani ni ile gundi. Nikaivaa hivyohivyo gizani, na akala juu yake.

Nilipanda ngazi za hospitali nikizihesabu, kwa sababu nilijua ndizo atakazopandishwa. Hamsini na mbili. Nilipofika juu nikasema moyoni, mke wangu hawezi hizi. Nikangoja niogope. Hofu haikuja, nikaenda tu.

Mama Mukai alikuwa ameshavishwa gauni la kijani na kandambili za hospitali. Saa yake ya mpira iko mkononi.

"Umekuja mapema," alisema.

"Nimekuletea uji."

"Sitaki kunywa kabla ya ngazi. Nisije nikatapika mbele ya watu." Akanishika kidole kimoja, si mkono wote. "Baba Mukai, niombee niziweze. Nikishindwa Sista atasema nimerudia kukaa."

"Wewe hukai, Mama Mukai."

"Saa inasema nakaa."

"Saa..." nikaanza.

"Saa imefanya nini?"

Angeniuliza kwa hasira ningemjibu. Aliniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua. Nikamwambia narudi sasa hivi, nikageuka na mfuko wangu kuelekea chumba cha Sista Njoki, mwisho wa ujia.

Sista alikuwa anajaza fomu. Aliponiona akafurahi. "Mtembezi wetu! Pole na Mama. Lakini usijali, leo tunamwamsha."

"Sista, asipandishwe ngazi."

"Kwa nini?"

"Anatembea. Anatembea kuliko mimi na wewe na daktari. Moyo wake haujalala, umechoka."

Akaweka kalamu chini polepole, kama wanavyofanya na wazee. "Baba Mukai. Najua unampenda. Lakini daktari aliangalia miezi minane ya namba."

"Namba ni za uongo."

"Zako pia?"

"Zangu ndizo za uongo zaidi."

Akacheka kidogo. Kisha akaona sicheki. Nikatoa nyundo kwenye mfuko, nikamwonyesha mkono wa kulia wenye saa. Elfu moja na mia mbili na tatu. Nikaegemea ukingo wa saruji wa dirisha lake na kuanza kupiga. Sikupiga kwa nguvu, nilipiga kama ninavyopiga msumari, tak tak tak, hadi thelathini.

Mtu akachungulia mlangoni akaondoka.

Nikamnyooshea mkono. Elfu moja na mia mbili na thelathini na tatu.

Sista Njoki alichukua mkono wangu, akaugeuza, akauangalia kama kitu cha kuokota.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ulijua tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa pili wa mradi."

"Na yake?"

"Akishika mkokoteni haihesabu. Nilijaribu mwenyewe. Alikuwa anasukuma siku nzima, halafu mkamwambia atembee, akaenda kuzunguka uwanja alfajiri juu ya ile kazi yote. Kila siku tangu Januari."

"Mungu wangu." Alisimama. "Na wewe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Baba Mukai? Kwa ile picha?"

Nilitafuta jibu la kumpa. Nilitafuta kwa bidii, wasomaji, kwa sababu alistahili jibu. Ndani hamkuwa na kitu, palikuwa tambarare.

"Kwa ile picha," nikasema.

Hakunitukana. Alichukua simu ya mezani, akabonyeza, akangoja. "Wodi haipokei," alisema. Akaangalia saa ya ukutani. Saa tatu na dakika nne.

Hapo ndipo tukamsikia Sylvance, mtu wa mazoezi wa hospitali, ambaye kila mama kwake ni mathe, sauti yake nzito inapanda kutoka kwenye ngazi. Walikuwa wameshamshusha kwa lifti hadi chini, sasa anapanda naye kwa miguu.

"Kumi na tano. Poa sana, mathe, usikimbie. Kumi na sita."

"Ameshaanza!" Sista alisema.

Alikimbilia mlango. Akafika kizingitini akasimama ghafla, nikadhani amemwona mtu. Alikuwa anaangalia sakafu.

Sakafu ya ujia ule ni nyeupe, wanaipiga deki kila asubuhi. Kutoka mlango wa wodi hadi mlango wake palikuwa na alama, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio mzuri. Alama nyekundu. Zilikuwa na mistari ya tairi, ile mistari ya mshazari ambayo mimi huichagua kwa kuwa haitelezi. Mguu wa kulia peke yake.

"Nani anavuja damu?" alisema.

Akazifuata kwa macho hadi ndani. Nami nikazifuata. Zikafika chini ya dirisha, zikaishia kwangu.

"Baba Mukai. Usisogee."

"Ishirini na tano," Sylvance alisema. "Pumua, mathe. Ishirini na sita."

"Kaa kwenye kiti, nione huo mguu."

Nikakaa. Akapiga magoti, akashika kisigino changu kwa mikono miwili na kujaribu kuivua akala. Haikuvuka. Akavuta kidogo, akaacha. Akaiinamia akiangalia kati ya soksi na soli, na uso wake ukabadilika.

"Imepigiliwa," alisema.

"Nini?"

"Kiatu. Kimepigiliwa kwenye mguu. Misumari miwili... mitatu. Imeingia yote." Akaniangalia kutoka chini. "Umetembea hivi tangu lini?"

"Jumanne."

"Husikii?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelikimbia miezi yote hii.

"Sisikii, Sista."

"Hapa?" Akabonyeza. "Na hapa?"

"Sisikii."

Nilizitazama zile ncha na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba sikuzikunja. Fundi wa miaka ishirini na sita. Wazo la pili halikuja.

"Thelathini na tisa. Mathe, tupumzike? Sawa, kama unataka twende. Arobaini."

"Sista," nikamwambia, "achana na mguu. Nenda ngazini."

"Nikiuachilia huu utakanyaga. Ukikanyaga tena sijui kama..." Hakumaliza. Mikono yake ilikuwa imejaa damu yangu, na macho yake yalikuwa mlangoni. "Sylvance!" akaita kwa nguvu. "Sylvance, simama hapo!"

Ujia ule una mwangwi, na kuna mtu alikuwa anaburuta kitanda. Sylvance hakusikia.

"Arobaini na mbili. Karibu tunafika, mathe. Mzee wako atajivunia."

"Nenda!" nikasema.

Akaniacha akakimbia. Viatu vyake viliteleza kwenye zile alama zangu, akajishika ukutani, akainuka tena.

Nami nikainuka. Nawaambia ukweli kwa kuwa ndilo jambo nililobakiwa nalo. Sikuinuka kwa ushujaa, mguu usiouma haudai ushujaa wowote. Niliukanyaga, nikasikia misumari ikisaga sakafu, nikaukanyaga tena. Saa mkononi ikaanza kuhesabu. Kwa mara ya kwanza tangu nipewe ilikuwa inahesabu kweli.

"Arobaini na tano," sauti ikasema, sasa karibu sana, nyuma tu ya mlango wa ngazi. Nilimsikia na Mama Mukai akihema, ile pumzi yake ya kutoka uwanjani.

"Sylvance!" Sista aliita.

"Arobaini na sita."

Zilikuwa zimebaki sita. Nikasimama katikati ya ujia, mkono ukutani, nikiingojea arobaini na saba.

Niliingojea hadi ile pumzi ikakatika, nikasikia kandambili moja ikishuka ngazi peke yake, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka chini.